Kikapu cha Dirishani

Napoli

Mwanangu Leandro,

Sisi wazima, ila goti langu bado linanisumbua. Barua yako imeniudhi. Unatoka Argentina kuja Ulaya mara ya kwanza, unaniuliza ulale wapi na ule wapi, kumbe chumba umeshalipia! Na huo mkahawa wa uwanjani usiusogelee. Mhudumu akisimama mlangoni kuita watu, ujue chakula hakiliki.

Picha za chumba ulizonitumia nilimwonyesha Ciro, muuza mboga wa chini. Akacheka, "Mama Nunzia, kumbe nyumba yako ni nzuri hivi ikifagiwa na watu wengine!"

Ndiyo, ni kwangu. Mwenye nyumba alinitoa wakati wa Pasaka ili alaze wageni. Sikutaka mjue. Hicho kikapu cha dirishani walichokijaza malimau ya plastiki, ndicho nilichokuwa nikimshushia Ciro kwa kamba anitilie nyanya.

Usighairi, pesa hawarudishi. Lakini chakula cha jioni usihangaike kutafuta. Mimi ngazi zile sipandi tena, na si kwa sababu ya goti. Wewe mwaga hayo malimau, shusha kikapu. Nitakuwa nimesimama chini na sufuria.

Shangazi yako,
Nunzia