Mizinga Ilielekezwa Kwetu

Melini,
Bahari ya Pasifiki,
2 Novemba 1944.

Mpendwa Kaka Crisanto,

Pokea salamu zangu huko Stockton. Mgongo umepona? Kazi ya kuinama shambani kutwa haimhurumii mtu wa umri wako. Shemeji Remedios hajambo? Mimi mwili ni mzima.

Bado nipo mezani kwa maofisa. Sisi Wafilipino na wenzetu Weusi tumevaa sare ya jeshi la majini la Marekani, lakini kazi yetu ni kupika, kutandika na kung'arisha viatu vyao. Mizinga hatuigusi.

Kaka, nina habari za nyumbani, na si njema. Mwezi uliopita nilikuwa nawamiminia kahawa, nikaona ramani ya kisiwa chetu cha Leyte imetandazwa mezani. Kidole cha luteni kilikuwa juu ya pwani yetu. Wajapani wamejichimbia pale, tungewapiga asubuhi. Nikathubutu: "Bwana, hapo wanakaa watu. Mama yangu yupo hapo."

Hakunifokea. Akasema taratibu, "Watakuwa wameshakimbia, kijana. Sukari iko wapi?"

Nikaenda kuleta sukari.

Kulipokucha mizinga ikaanza. Vikombe vilitikisika kabatini, nikavishikilia visivunjike. Sikuwa na kingine cha kushika.

Baadaye niliomba kushuka. Luteni akauliza, "Na chakula cha mchana atapika nani?"

Otis, Mweusi wa Alabama ninayelala naye chumba kimoja, alipangiwa kupakua magunia pwani. Akanitania, "Kwa uso huo utachachusha maziwa yote. Nipe jina la mama yako, nitamuulizia."

Alimkuta Mwalimu Tiburcio, jirani yetu. Nyumba yetu haipo. Dada Felisa alionekana akipanda mlimani na watoto. Mama alikuwa nyuma yao, kisha akarudi kumfungulia nguruwe. Hakuna aliyemwona tena. Otis alinieleza hayo huku akinimenyea viazi vyangu.

Leo ni siku ya kuwaombea marehemu. Padri alipita akiuliza majina ya wafu wetu. Nilimtajia baba, nikaishia hapo. Kaka, baba hayupo, wewe ndiye mkubwa. Mama nimtaje pamoja na walio hai, au na waliokufa?

Nisalimie Shemeji, mwanao Benigna na binamu Hilarion. Bikira Maria awafunike kwa vazi lake. Utakavyosema ndivyo nitakavyoomba.

Mdogo wako akupendaye,
Eleuterio