Tangazo la Tatu

Jumapili, 2 Oktoba 1983
Leo padri kasoma majina yetu, tangazo la kwanza la ndoa. Telesphori na Paskazia, wa Kalangalala. Kanisa zima likageuka kunitazama. Nikakaza shingo – watazame! Telesphori, fundi baiskeli mzima, jasho linamtiririka. Nampenda huyu mtu.

Jumatano, 5 Oktoba
Mjinga mimi! Katekista kasema tangazo linasomwa pia parokia nilikobatizwa. Yaani kwetu Didia wameshasikia nilipo. Miaka miwili najificha huku Geita, hata mayu, mama yangu, simwandikii barua, leo najitangaza mwenyewe! Na Maganga, mume niliyemkimbia, hakosi misa. Jumamosi anapiga mke, Jumapili yuko benchi la mbele.

Haki hana. Kanisani hatukufunga ndoa, na ng'ombe wake wa mahari baba alimrudishia. Lakini aliapa akinipata nitarudi, kwa miguu au nimebebwa.

Jumapili, 9 Oktoba
La pili limesomwa. Hajatokea. Mama Anisia, mwenye nyumba wangu, ananishauri nifute tangazo, tuishi kimyakimya kama wengine. Sifuti ng'o.

Ijumaa, 14 Oktoba
Kafika. Mama Anisia kamkuta stendi, anauliza kwa upole nyumba ya Paskazia. Kamwelekeza njia ya machimboni, Mungu ambariki.

Telesphori anataka twende Mwanza kwa dada yake. Tumegombana. Nikamwambia, "Nikikimbia tena, nitakimbia mpaka lini?" Kisha kasema Jumapili atakaa nami upande wa wanawake, watu waseme watakavyo. Nimecheka, halafu nikalia. Naogopa, ndiyo. Ila siondoki.

Jumapili, 16 Oktoba
Naandika nje ya ofisi ya paroko, daftari juu ya goti.

Padri alipomaliza la tatu, Maganga akasimama katikati ya misa. Akasema mimi ni mke wake, nimetoroshwa. Telesphori akataka kuinuka, nikamshika mkono. Nikasimama mimi. Nikavua kilemba mbele ya wote, kovu la panga likaonekana, toka sikioni hadi utosini.

"Padri, huyu anajua kizuizi kimoja tu cha ndoa hii. Ni hiki hapa. Muulize alikiweka lini."

Padri akasema twende ofisini baada ya misa.

Kaanza kumwita Maganga. Namsikia mlangoni, ile sauti yake laini ya kudanganyia watu. Ndani kuna mwanamume mmoja anaelezea maisha yangu, na mwingine anamsikiliza. Hapana! Ya nini nisubiri kuitwa? Telesphori anainuka anifuate. Nimemwambia akae.

Nagonga mlango.