Kumfundisha Mama Lisbon

Jumapili, 5 Oktoba

Leo tena ngazi za umeme. Mama kagoma. Kasimama pale chini, kwenye moli ya Mabela, hapa Oman, kashika buibui lake kwa mikono miwili. Watu wanampita ubavuni. Nikamwambia atangulize mguu wa kulia na aseme bismillahi. Bismillahi akasema. Mguu haukwenda. Tukapanda lifti.

Lisbon kuna treni za chini ya ardhi. Kuna stesheni ambayo ngazi zake zinashuka mpaka huoni mwisho. Nimeziona kwenye simu. Sijamwambia.

Jumanne, 7 Oktoba

Viza imetoka. Mama kaibusu pasipoti, kaiweka chini ya mto.

Niandike jambo hili hapa nisijidanganye. Nassor, mdogo wangu, yuko Lisbon mwaka wa sita. Kaoa huko. Mkewe Inês. Mtoto wao wa kiume kapewa jina la baba yetu, Hamed. Kazaliwa wiki ile ile aliyofariki baba. Ndiyo maana Nassor hakuja mazikoni. Sababu naijua. Hasira yangu haiijui. Nilikaa na mama eda yake yote, na tangu siku hizo sijasema neno na Nassor.

Nilidhani nitamsindikiza mama. Likizo ninayo. Leo kaniambia, huku anachambua mchele, hata hakuinua macho: "Na uso huo? Bora ubaki. Mie nnakwenda kumpakata mjukuu wangu, sendi kuamua ugomvi."

Imeniuma. Nimekwenda kuosha gari ambalo halikuwa chafu.

Haya. Atakwenda peke yake. Nassor kazini, mkewe kazini, mchana mama atakuwa huru na mji mzima. Yeye si mtu wa kukaa ndani. Basi nitamfundisha. Mji ambao sijaukanyaga, na niliwahi kuapa sitaukanyaga.

Ijumaa, 10 Oktoba

Somo la chakula. Nimesoma kwamba kwenye mikahawa ya kule wanakuletea mkate, zeituni na jibini kabla hujaagiza. Ukivigusa, unalipia. Usipovitaka, unavirudisha.

Nikajifunga leso kiunoni, nikawa mhudumu. Nikamletea mkate na zeituni. Akala zote, akanishukuru. Nikamwambia, umeshalipia hizo.

Kaweka kokwa chini. "Mgeni analipishwa mkate?"

Ndivyo, Mama.

"Na Nassor anaishi na watu hawa?"

Kanuna mpaka Isha. Baadaye kaja mwenyewe jikoni kuuliza samaki wao wakoje. Nikamwambia wanachoma sardini barabarani, kwa chumvi ya mawe, unakula kwa mkono, hakuna wa kukutazama. Akasema, ah, basi ni watu.

Jumatano, 15 Oktoba

Usingizi hauji nisiposoma kwanza habari za Lisbon. Sikutegemea. Kadi moja ya kugusisha kwenye mashine, inakupandisha treni, basi, tramu, hata feri ya kuvuka mto. Tramu ya manjano inayopanda vichochoro ni nzuri ila ina wezi. Mkoba uwe mbele. Nyumba zimebandikwa vigae vya buluu kuanzia chini mpaka juu. Leo kazini niliviangalia kwenye simu muda mrefu mpaka mwenzangu akauliza kama ninajenga.

Mama anajifunza Kireno kwenye simu, masikio yamezibwa. Jioni kaniita kwa kelele nikadhani kaungua. Wanasema mesa. Meza! Bandeira. Bendera. Lenço, leso. Alikuwa akicheka machozi yanamtoka. Nikamwambia na vinho ndiyo mvinyo, ukiisikia hiyo kataa. Na porco ni nguruwe. Akayarudia mawili hayo mara nyingi kuliko yote, kwa sauti ya mtu anayefukuza paka.

Jumamosi, 18 Oktoba

Lisbon ni milima mitupu. Nimempeleka Mutrah, kwenye ngome, kupima magoti yake. Tumepanda polepole. Kila pahala pa kupumzika tumepumzika. Juu upepo ulikuwa mzuri, chini bandari, meli nyeupe ya watalii, mabomba ya maji yakimwagia bustani ya njia kuu.

Kauliza nani kaijenga. Nikamwambia, hao hao. Wareno. Walikaa hapa, wakakaa na kwetu Unguja, wakafukuzwa kote.

Kausogelea ukuta. Akaupiga kofi dogo, kama mtu anavyompiga mtoto mtundu. "Walituachia meza na leso," akasema. "Wakamchukua mwanangu."

Halafu akataka kushuka. Nilimshika mkono. Mkono wake umekuwa mwepesi, lini umekuwa mwepesi hivi?

Niliogopa. Niliogopa pale juu na ninaogopa sasa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Basi. Mama hajapanda basi tangu tuhamie Oman. Baba alimwendesha, kisha mie. Leo tumepanda pamoja kutoka Mabela mpaka Khuwair, karibu na ofisi yangu, na kurudi. Kadi kaigusisha mwenyewe. Kamsalimia dereva, kamsalimia kila abiria, wengine Wabangali hawakumwelewa lakini walimjibu. Kakaa dirishani.

Anataka Alkhamisi aje peke yake mpaka Khuwair, nimpokee, tule chakula cha mchana. Nimekubali. Ningekataa vipi? Lisbon atapanda peke yake.

Alkhamisi, 23 Oktoba

 Naandika vibaya.

Kapanda asubuhi, kanipigia kutoka kwenye kiti, kafurahi. Mie nikasimama kituoni Khuwair mapema. Basi likaja. Hayumo. Basi la pili. Hayumo. Simu yake haipatikani.

Nikaliendesha gari mpaka mnara wa Burj al-Sahwa, njia ile ile ya basi, nikarudi. Nikaenda tena. Kila buibui jeusi nilipunguza mwendo. Nikampigia shoga yake jirani, hayupo huko. Watu wa mabasi wakasema watauliza madereva, wakanitaka rangi ya nguo. Nyeusi, niliwaambia. Nilijisikia mjinga. Mwanamke mzima nimempandisha mama yangu kwenye basi kama barua.

Simu ikalia, nikaipokea bila kuangalia. Sauti ya kiume. "Dada Raya?"

Nassor. Kumbe mama humpigia kila siku baada ya adhuhuri, na leo hakupiga. Karibu miaka miwili, na neno langu la kwanza kwake: "Nimempoteza mama."

Hakunilaumu. Nilikuwa tayari anilaumu. Akasema, "Usikate simu. Endesha tu, dada, mie nipo." Nikaiweka simu kwenye kishikilio, nikaendesha. Nilikuwa nikimtajia ninachopita. Uwanja wa ndege. Kituo cha mafuta. Daraja. Alikuwa akipumua tu upande wa pili, na mara nikasikia anajaribu kulia bila sauti, vile alivyokuwa akilia utotoni chini ya kitanda. Na mie nikalia. Nikaegesha gari pembeni ya barabara, taa za dharura zinawaka. Nikamuuliza, kwa nini hukuja mazikoni? Akasema, "Inês alikuwa chumba cha upasuaji. Baba alikuwa ameshazikwa. Nikachagua walio hai, dada. Na kila siku namuomba baba radhi."

 Sababu ile nilikuwa naijua, lakini sikuwahi kuisikia kwa sauti yake.

Hapo simu nyingine ikaingia. Mama.

Yuko Ghala, mtaa wa magereji. Aliona msikiti akataka kuswali, akashuka. Akaswali, akajinyoosha kidogo upande wa wanawake, usingizi ukampitia. Alipoamka simu imezima. Kaimaliza chaji yote kwa masomo ya Kireno. Akatoka akatembea baina ya magereji, hajui aende wapi, akasikia mtu chini ya gari anaimba kwa Kiswahili. Fundi wa umeme wa magari, kijana wa Tanga anaitwa Juma. Kamchajia simu kwa betri ya gari la mteja.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mbele cha gari kilichong'olewa, katikati ya gereji, gilasi ya chai ya maziwa mkononi, mafundi wamemzunguka. Anawafundisha bendera na meza.

Juma akasema, "Dada, usimgombeze. Bi mkubwa hana neno, ametusalimia wote mpaka bosi."

Sikumgombeza. Nilimkumbatia na chai ikamwagika kwenye nguo zangu za kazi. Nassor bado alikuwa kwenye simu. Mama akaisikia sauti yake inatoka mfukoni mwangu. Akaniangalia. Akaangalia mfuko. 

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimeamka kichwa kinauma. Nimemwambia mama, safari basi. Akasema safari iko pale pale. Nikamwambia umepotea. Akasema, "Nlipotea nkaonekana. Ndio ushajua nnaweza."

Asubuhi nzima tumegombana. Mchana tumekula pamoja. Pilau, kachumbari ya pilipili. Nimechoka na mapenzi haya.

Jumamosi, 1 Novemba

Moli. Nilikuwa ninalipia koti lake la mvua. Nikageuka, hayupo.  Nikamwona yuko juu kwenye ngazi za umeme, peke yake, amesimama wima kama askari wa zamu, anapanda. Kafika. Karuka kidogo mwishoni. Akaniangalia chini akanipungia kwa leso yake.

Nassor ananitumia ujumbe sasa. Mara nyingi picha za mtoto, bila maneno. Ana masikio ya baba. Nimemjibu: ana masikio ya baba. Akarudisha: ndiyo.

Alkhamisi, 6 Novemba

Uwanja wa ndege. Kakataa kiti cha magurudumu, akaona urefu wa foleni, akakubali. Sanduku zito, papa mkavu, halwa, kanzu ndogo sana, haifiki urefu wa mkono wangu. Nimemwambia tena: mkoba mbele, mkate rudisha, mvinyo kataa. Kaniitikia kwa subira, kama mie ndiye ninayesafiri.

Kabla hajaingia kanishika kidevu, kaugeuza uso wangu huku na huku kwenye mwanga. Anautafuta uso ule alioukataa, nadhani. Akasema, "Huu ningeuchukua." Kisha, "Ila tiketi zishakuwa ghali."

Nimecheka mpaka kwenye maegesho. Ndani ya gari sikucheka.

Jumamosi, 8 Novemba

Nyumba kubwa hii. Nimefua. Nimepika chakula kidogo, bado kimebaki.

Baada ya Magharibi Nassor kapiga. Kule bado mchana. Kasema mama kafika salama, kala, kaswali, asubuhi kapanda tramu na mtoto mapajani, kawasalimia wote. Sasa kalala. Wote wawili wamelala, kitanda kimoja.

Kaniuliza, unataka kusikia? Nikasema ndiyo.

Kaisogeza simu. Mwanzo sikusikia kitu, mvua tu kwenye dirisha la huko. Halafu mama, mkoromo wake mdogo wenye mluzi mwishoni. Na ndani yake pumzi nyingine, ya haraka haraka, ndogo.

Nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, simu sikioni.   Hakuna aliyekata.