Betri Mpya ya Landrova ya Baba

Kasongo, tarehe 18 Agosti 2024

Mpendwa Yaya Magloire, kaka yangu mkubwa,

Unaamkaje huko Lubumbashi? Shemeji Rosine na watoto wanaendelea vipi, na ule mguu uliokuwa unakusumbua umepona? Sisi huku tuko, Mungu anatulinda. Kiangazi kimekauka kabisa, vumbi linaingia mpaka kwenye sahani, lakini afya iko.

Barua yako ilinifikia. Ulisema Landrova ya marehemu Baba tuikate, tuuze vyuma. Yaya, usinikasirikie. Sikuuza, na sababu ni Mama.

Tangu avunjike nyonga, Mama hawezi kupanda pikipiki, na kwenda Wamaza unajua ni pikipiki au miguu. Dada yake anayeishi huko, Mama Mukubwa Léocadie, macho yamezimika, naye hawezi kuja. Miaka sita hawajaonana. Mwezi wa sita akatuma neno: “Mumwambie Pélagie, nimechoka kumungojea.” Siku ile Mama hakula. Nikajiambia, gari hili litatembea, na nitaliendesha mimi, shule ninayofundisha ikifungwa. Baba alinifundisha usukani, wewe wakati ule ulikuwa unakimbizana na mpira.

Mzee Lwamba, fundi wa Baba wa siku zote, alitengeneza moteri ikawaka vizuri. Ikabaki betri. Ile ya zamani, kubwa kama sanduku la sabuni, ilikuwa imepasuka, na za namna ile hazipatikani tena. Mpya tuliyoagiza Bukavu ilikuja fupi na nyembamba. Kwenye kitako cha zamani, ambacho kutu ilikuwa imekila nusu, ilicheza kama jino la mtoto. Lwamba akaifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Nikamwuliza kama utashika.

“Utashika, mwalimu. Mupira huu unafunga mbuzi mpaka Kindu.”

Tuliondoka Alhamisi asubuhi, Mama amekaa mbele juu ya mito miwili, Lwamba nyuma. Hatukumaliza kilomita ishirini. Kwenye shimo moja gari liliruka, mpira ukakatika, betri ikalala upande, na kichwa chake cha chanya kikagusa kapo, kile kifuniko cha mbele. Cheche! Moshi ukajaa, waya ukaanza kuyeyuka. Nilizima ufunguo, haikusaidia kitu. Lwamba akafungua kapo akaung'oa waya kwa mkono mtupu, akaungua vidole viwili. Mimi nilikuwa nimeshambeba Mama mgongoni, nakwenda kumkalisha mbali kwenye majani. Yaya, tanki la petroli liko chini ya kiti kile kile alichokalia.

Mama akaniangalia. “Tunarudi?”

“Tunarudi kutengeneza, Mama. Si kuacha.”

Lori lililotoka Kabambare lilituvuta mpaka mjini. Kesho yake nikaenda kwa Aganze, mtu wa Kivu aliyekuja kutafuta dhahabu akaishia kuchomelea vyuma karibu na soko. Nilisimama kando yake siku nzima. Alitoa kitako cha kutu chote, akachomelea kipya cha bati nene, kipimo cha betri yenyewe, na kingo pande zote nne. Chini tukaweka kipande cha tairi. Juu akapitisha chuma bapa kilichofungwa mpira, kikashikwa na bulo mbili ndefu zilizokazwa kwa nati. Betri tukaigeuza, chanya ikae mbali na kapo, na hapo waya wa zamani haukufika tena, tukatafuta mrefu. Vichwa vya betri mpya ni vyembamba, vishikio vya zamani vilikuwa vinazunguka tu. Aganze alitaka kujazia bati la mkebe. Nikakataa, tukaweka vishikio vipya, na chanya nikaivisha kofia ya mpira.

Kisha nikaishika betri kwa mikono miwili nikaitikisa. Gari lote lilitikisika, betri haikusogea.

Lwamba alikuwa amesimama pale, vidole vimefungwa kitambaa. “Mwalimu, nilikosa. Ningeua mama yako.”

“Ni wewe uliyeng'oa waya,” nikamwambia. “Jumatatu twende wote.”

Tukaenda. Kila baada ya mahali pabaya nilisimama, nikafungua kapo, nikagusa bulo. Wapita njia walinicheka, nikawaacha wacheke. Kwenye daraja la magogo Mama alishika rozari kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono mwingine. Jioni jua likiwa bado liko juu ya miti, tukaingia Wamaza.

Mama Mukubwa alikuwa mlangoni kwake. Aliposikia moteri alisimama. “Gari hiyo iko ya shemeji yangu. Nani anaiendesha?” Mama alishindwa kushuka haraka, basi nikamshika mkono dada yake nikamleta dirishani. Akapapasa uso wa Mama, polepole, paji mpaka kidevu.

“Pélagie, umezeeka.”

“Na wewe je? Shida yako hujioni.”

Wakacheka mpaka wakalia, nasi tukalia.

Mama amekataa kurudi kwanza. Nitamfuata kabla mvua haijaanza. Nilipokuwa naondoka walikuwa kwenye mkeka mmoja, Mama anachambua maharagwe na kumtajia dada yake kila mtu anayepita njiani.

Nisalimie sana Shemeji Rosine, Falonne na Glody. Estelle, jirani, anakusalimu, na Mzee Lwamba pia. Mungu aliyetupitisha njia ile azishike nyumba zetu mbili, yako na yangu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kuchoka,

Émérance