Taa ya Oili Iliyozimwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Polisi, Wilaya ya Mbulu
Tarehe: 13/09/2025, saa 4:20 asubuhi
Jina: Genoveva Severine Amsi
Umri: Miaka 53
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima na mfanyabiashara wa vitunguu saumu
Makazi: Tlawi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa na mtu. Akili zangu ni timamu, ingawa usingizi sina.

Nina pikapu ya dizeli niliyoachiwa na marehemu mume wangu, Patriki. Imetembea kilomita zaidi ya laki nne. Watu hunicheka kwamba nalilea gari kuliko nilivyolea watoto. Wacheke. Kila asubuhi kabla ya kuwasha napima oili na maji, nainama kuangalia kama kuna tone chini. Oili namwaga na kuweka mpya kabla ya wakati wake. Fundi wangu miaka yote ni mmoja, Evarist, mdogo wake marehemu mume wangu, mwenye gereji Dongobesh. Ndiye aliyebeba msalaba siku tulipomzika Patriki.

Mnamo tarehe 12/08/2025 majira ya saa tatu asubuhi, nikitoka Tlawi na mzigo, taa nyekundu ya oili iliwaka. Nilizima gari palepale, likavutwa kwa trekta hadi kwa Evarist. Aliniambia, "Shemeji, pampu ya oili imechoka. Haisukumi." Nilisafiri hadi Arusha nikanunua pampu mpya, nikamkabidhi mkononi. Nilimwambia, "Nizimie hiyo taa, shemeji, ndipo nitalala." Maneno hayo nayakumbuka vizuri kwa sababu baadaye alinirudishia.

Tarehe 16 nilikwenda kulichukua. Akasema, "Taa nimeizima. Endesha kwa amani." Fundi mwingine yeyote namdai spea ya zamani niione kwa macho yangu, na asiponipa hatuachani salama. Yeye sikumdai. Kwetu, kumwambia shemeji akuonyeshe chuma alichotoa ni kumwita mwizi mbele ya mke wake, na mke wake, Oliva, alikuwa ameshanitengea ugali na maziwa mgando. Niliona kitu kimoja tu. Nilipofungua swichi, taa ile haikuwaka kabisa, wakati kwa kawaida huwaka kidogo kabla injini haijashika. Nikamuuliza. Akacheka, "Shemeji, gari likiumwa unalalamika, likipona unalalamika." Nikacheka na mimi.

Mnamo tarehe 06/09/2025 nilishuka Yaeda Chini kumchukua binti yangu Agatha, mwalimu wa shule ya msingi huko, aje ajifungulie karibu na hospitali. Tuliondoka majira ya saa tano. Uchungu ulimwanza njiani, kabla ya siku zake. Tulipoanza kupanda mlima injini ilianza kugonga. Nikatazama taa, haikuwaka. Asubuhi nilikuwa nimepima na kijiti kilionyesha oili imejaa. Lakini kijiti kinakuonyesha oili ipo, hakikuonyeshi kama inasukumwa inakotakiwa. Hiyo ni kazi ya taa. Nikajiambia labda ni mawe yanapiga chini. Gari liligonga tena kwa nguvu, likakata moto, halikuwaka tena.

Simu haikuwa na mtandao. Nilitaka kukimbia kutafuta watu, Agatha akanishika nguo akasema, "Mama, usiende." Sikwenda. Mjukuu wangu alizaliwa kwenye kiti cha gari, wa kiume, kitovu kimemzunguka shingoni. Nilikifungua kwa vidole. Hakulia. Wafugaji waliokuwa wakirudisha ng'ombe ndio waliotukuta na kutusaidia. Agatha yu hai, amelazwa.

Tulizika tarehe 08/09/2025 nyumbani Tlawi. Evarist alifika wa kwanza na jembe lake, akachimba peke yake, kila aliyetaka kumpokea jembe alimkatalia. Alinishika mkono akasema, "Pole shemeji, ni mapenzi ya Mungu." Nilimshukuru mbele ya watu. Nilimtengea chakula kabla ya wazee.

Tarehe 11/09/2025 fundi Tluway wa Mbulu mjini alilifungua gari nikiwepo. Nyuma ya dashibodi, balbu ya taa ya oili ilikuwa imechomolewa. Pampu ilikuwa ileile ya zamani, imelika. Siku hiyohiyo nilikwenda na Tluway hadi Dongobesh. Evarist hakukataa. Pampu yangu ameifunga kwenye gari lake, la aina moja na langu, linalobeba abiria kwenda Masakta siku za mnada. Alisema, "Wewe unalitunza gari, shemeji. Nilijua kwako ya zamani ingedumu mpaka nipate nyingine. Na wewe mwenyewe ulisema nizime taa."

Yaani ningekuwa naliendesha hovyo, asingeniibia. Kikulacho ki nguoni mwako, nimeusikia msemo huo tangu utoto, sikudhani unanihusu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba siku ya mazishi alikuwa anajua. Anachimba, na anajua. Mimi namwambia asante.

Wazee wa ukoo wamekaa wakasema yamalizwe nyumbani, mambo ya ndugu hayapelekwi polisi. Mama mkwe wangu, aliyewazaa Patriki na Evarist, amenifuata hadi hapa. Amekaa kwenye benchi nje ya chumba hiki, anasubiri nitoke nimwambie nimefuta. Nikitoka nitamwamkia shikamoo kama siku zote, nitamshika mkono tupande gari la kurudi. Lakini sifuti.

Hapa ndipo yanapoishia niliyokuja kuyasema, na yote ni kweli.

Saini ya shahidi: G. S. Amsi

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Juliana, na kumsomea shahidi, akakubali ni sahihi isipokuwa mahali pamoja. Nilipokuwa nimeandika "kichanga", ameomba nifute niandike "mjukuu wangu". Nimefuta, nimeandika, naye ameweka saini pembeni.