Makopo, Ndoo na Mbegu za Mama Mkwe

Jumapili, 1 Septemba 2019

Mama mkwe ana wiki ya tatu hapa Mdantsane, na bado hatujatazamana usoni. Ndiyo adabu yetu. Nikiingia jikoni, anavuta shuka mabegani na kutoka. Akiingia yeye, natoka mimi. Mke wangu Nontsapho anasema tunapishana kama jua na mwezi. Kwake rahisi kucheka — anashinda kazini, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Mimi na cherehani yangu tunashinda nyumbani. Na mamake.

Nyumba yake kule Lusikisiki ilibebwa na mafuriko. Aliokoa Biblia, blanketi la marehemu mumewe, na mbegu tano za bangi kwenye pembe ya leso. Mbegu za shamba lake. Hana nyingine duniani. Majani yake ndiyo huyachemsha akakandia magoti. Siku hizi sheria ya huku inamruhusu mtu kuotesha mimea michache kwake, ya matumizi yake. Lakini ua wetu ni saruji tupu. Leo amezipanda kwenye vikopo vya maziwa mgando.

Alhamisi, 12 Septemba 2019

Zimeota zote tano!

Nimetaka kumfurahisha. Nimepata ndoo mbili za rangi, za lita ishirini, nikazitoboa chini kwa msumari wa moto. Alipokwenda kwenye umoja wa akina mama kanisani, nikahamisha miche miwili. Vimche vya majani manne, peke yavyo katikati ya ndoo. Nikavimwagilia mpaka maji yakatoka chini.

Aliporudi alisimama mbele ya ndoo. Jioni akamwambia Nontsapho aniambie nipunguze maji.

Ijumaa, 20 Septemba 2019

Ile miwili ya kwenye ndoo imekufa. Sikupunguza maji vya kutosha. Nimechimbua kwa kidole — tope mpaka chini. Kimche hakiwezi kunywa maji ya ndoo nzima. Mizizi imeoza.

Nimekaa kwenye ngazi na vile vishina mkononi. Sare za shule zinaningoja, sikushona hata mshono mmoja. Kisha mama mkwe akatoka, akakaa mwisho wa ngazi, uso ukutani. Akasema nami. Mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye.

"Mkwe, wewe ni fundi nguo. Mtoto wa mwezi mmoja unamvalisha koti la babake?"

Nikasema hapana, Mama.

"Basi na huyu hivyohivyo. Avae kinachomtosha. Kikimbana, tutambadilishia."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumapili, 6 Oktoba 2019

Leo amenionyesha. Shina katikati ya vidole, kikopo juu chini, akagonga kitako mara mbili. Udongo ukatoka mzima, na mizizi imeuzunguka, myeupe, kama uzi kwenye kibiringo. Akasema: ikianza kuzunguka hivi, inatafuta mlango. Tumeihamishia miche yote mitatu kwenye makopo ya lita tatu. Dalili nyingine, mmea ukinyong'onyea kabla ya adhuhuri na asubuhi umenyweshwa, chombo kimekuwa kidogo. Yeye anasema, mimi naandika nyuma ya karatasi ya vipimo.

Tumekula makande uani, kila mtu na sahani yake, tumepeana migongo. Nontsapho alichungulia dirishani, akarudi ndani. Nadhani alikuwa analia.

Jumatano, 30 Oktoba 2019

Shemeji Zwelihle, kakake Nontsapho, amepiga simu. Amemaliza kumjengea mama chumba. Atakuja kumchukua Jumamosi ya tarehe tisa. Mama alijibu "haya", basi.

Miche imenifika magotini. Saa nne tu imelegea. Ilipaswa kuhamia kwenye ndoo tangu wiki iliyopita, lakini kila siku anasema kesho. Leo ndipo nimeelewa. Kopo la lita tatu linapakatwa garini. Ndoo ya lita ishirini, ikishajaa udongo, haiendi popote.

Sikumuuliza. Ningemuuliza kwa kinywa gani?

Ijumaa, 8 Novemba 2019

Nimeosha zile ndoo mbili. Nikatafuta ya tatu, nikaitoboa. Nimezipanga ukutani, penye jua, na gunia la udongo kando.

Jumamosi, 9 Novemba 2019

Zwelihle kafika mapema. Yuko sebuleni, chai ya pili sasa. Mizigo iko mlangoni tangu asubuhi. Nontsapho amekunja blanketi, amelikunjua, amelikunja tena. Mimi nimekimbilia kwenye cherehani, naandika juu ya kitambaa cha watu.

Zwelihle anaita kwamba barabara ni ndefu. Mama yuko uani, namwona kupitia dirisha. Amepiga magoti — na magoti yale! Ameutoa mche mmoja kwenye kopo, ameushika kichwa chini, mizizi yote hewani. Kulia kwake makopo. Kushoto ndoo.

Ameniona. Hakuvuta shuka. Amenitazama usoni.

"Mkwe," anasema, "udongo uliopo unajaza ndoo ngapi?"

Zwelihle amewasha gari. Ngoja nimpelekee koleo —