Tamthilia ya Bure Barazani kwa Shangazi

Chanika, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu karatasi hii ikukute goti limepoa na baridi ya Newala haijakuzidi. Mie mzima, nashona, na wateja hawapungui. Kwenye simu tunaongea kila mara, lakini unapokea mbele za watu, na hili nataka ulisome umetulia, kabla mdogo wangu Hamisi hajakuletea ile simu kubwa uliyomwomba.

Ni habari ya wifi yako, Shangazi Mwanahawa, ninayeishi naye hapa. Usishtuke, sasa ni mzima, na mwenyewe kanipa ruhusa nikuandikie.

Tangu apate simu kubwa, Shangazi kanogewa na tamthilia moja ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Kila sehemu imefungwa. Ama unalipia, ama unatazama matangazo ndipo inafunguka, na katikati wanakukatiza tena, mara sabuni, mara mikopo. Yeye akachagua matangazo. Alasiri majirani wanakuja barazani, simu inaegemezwa kwenye sufuria, wote kimya. Nikimuuliza kama hachoki, ananijibu, "Nichoke nini? Silipi kitu. Natazama tu."

Tangazo lililokuwa likirudi kuliko yote ni la bwana mmoja wa koti jeupe anayeuza unga wa mizizi. Anasema unamaliza kisukari, eti vidonge uachane navyo. Mwanzoni Shangazi alimcheka. Lakini mtu akija barazani kwako kila siku, anakuita mama kwa upole, unamzoea. Akapiga namba iliyoandikwa pale, bodaboda akamletea kopo. Vidonge vyake vya kisukari alivyopewa kliniki akavifungia kabatini. Mie sina habari, kutwa niko na cherehani.

Nikaanza kuona anakunywa maji kupita kiasi na anakonda. Nikimuuliza anasema ni joto. Siku moja natoka kumpelekea mteja gauni, nikamkuta Shangazi kaanguka jikoni, macho wazi, maneno hayaeleweki. Nikamwita Mama Rehema wa nyumba ya pili, tukambeba hadi kwenye bajaji, tukakimbilia hospitali.

Daktari, dada mdogo tu, akaniuliza, "Dawa zake anatumia?"

"Anatumia," nikajibu bila wasiwasi.

Kesho yake, Shangazi alipopata nafuu, daktari akamuuliza mwenyewe. Shangazi akageukia ukutani.

"Niliacha. Kuna mwenzako aliniambia."

"Mwenzangu yupi?"

"Wa kwenye simu."

Yule dada hakucheka wala hakufoka. Akavuta kiti, akakaa. "Alikupima lini, mama?"

"Hakunipima," Shangazi akasema, na hapo machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona analia, hata siku tulipomzika baba.

Tuliporudi nyumbani akaniambia, "Majirani waambie ilikuwa malaria." Nikamwambia, "Shangazi, malaria siwezi kusema. Nitanyamaza. Ukitaka kusema, sema mwenyewe." Akanuna siku nzima, hata chai yangu hakuigusa.

Majirani wakarudi barazani. Tamthilia ikaanza, na ilipofika patamu likaingia lile tangazo. Mama Rehema akasema, "Huyu bwana anaongea vizuri. Mie unga wake nimeununua, leo unapanda basi kwenda kwa mama yangu Lindi. Naye ana sukari."

Mie nilikuwa napiga pindo la sketi. Sikuinua macho. Nilimsikia Shangazi anakohoa, anajiweka sawa mkekani. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Usimpelekee. Ndio ulionilaza hospitali. Niliacha vidonge nikanywa huo, nikaanguka pale jikoni. Wewe mwenyewe ulinibeba."

Yule bwana akaendelea kuongea peke yake kwenye sufuria. Mama Rehema akanyanyuka, akasogea uani na simu yake, tukamsikia: "Halo, kaka, lile kopo usilipakie kwenye basi. Nalifuata mwenyewe."

Shangazi hakuacha kutazama, Mama, na mie sikumkataza. Tangazo likija siku hizi wanailaza simu kifudifudi na kupiga soga. Nawe simu ikifika tazama utakavyo, ila vidonge vyako vya presha usiache kwa neno la mtu asiyekujua. Wakikutia shaka, waulize wanaokupima pale kliniki, au nipigie mie.

Nisalimie Bibi, mwambie kanga zake nimeshazipinda. Mjomba fundi wa vinyago mpe shikamoo yangu, na Hamisi mwambie akuoneshe simu polepole, asikuharakishe kama kawaida yake.

Shangazi yupo hapa ubavuni. Anasema uianze tamthilia mwanzo kabisa, kwa sababu ukimpigia kumuuliza nani kaolewa, hatakwambia.

Mwanao akupendaye,
Zuhura